GARI LIKIGOMA KUWAKA, ULIZA KABLA YA KUNUNUA



Katika nchi ya juu ya Karatu na Ngorongoro, miezi ya baridi ni Juni, Julai na Agosti. Asubuhi ukungu hufunika mashamba ya Rhotia na Oldeani. Kule kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro baridi ni kali zaidi, maana mahali pale ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Miezi hii ndipo tunaposikia mara nyingi maneno haya: "Gari limegoma."

Gari likigoma, si dereva peke yake anayepata hasara. Vitunguu vya Mang'ola hubaki vikingoja soko. Abiria wa Karatu hukosa safari ya Arusha. Na jambo zito kuliko yote, mama mjamzito au mgonjwa hubaki akisubiri njia ya kwenda hospitali.

Iko hasara nyingine, ya fedha. Mara nyingi mtu wa kwanza kufika husema, "Betri imekufa, nunueni nyingine." Betri inanunuliwa. Wiki inayofuata gari linagoma tena. Mtu wa pili anasema, "Ni stata." Stata nayo inanunuliwa. Kumbe kosa lilikuwa uchafu tu kwenye vichwa vya betri, uchafu wa kusafishwa kwa maji ya moto na kitambaa.

Leo tunaeleza jinsi ya kutafuta chanzo cha ugonjwa kwa utaratibu. Hatusemi kila msomaji awe fundi. Tunasema kila mwenye gari, kila dereva na kila mwanakikundi aweze kuuliza maswali ya maana kabla ya kutoa fedha.

INJINI INAHITAJI NINI?

Fikiria jiko la kuni. Ili moto uwake unahitaji kuni, hewa na kiberiti. Ukikosa kimoja, moto hauwaki. Injini nayo inahitaji mafuta, hewa na moto. Lakini injini ina hitaji moja zaidi: lazima izungushwe kwanza. Ikikaa kimya haiwezi kuvuta hewa wala mafuta.

Zamani injini ilizungushwa kwa mkono. Dereva alichomeka hendeli mbele ya gari akaizungusha kwa nguvu. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwani hendeli ikirudi nyuma ghafla iliweza kuvunja mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme. Hata hivyo hendeli haikupotea mara moja. Wazee wengi wanaikumbuka kwenye Land Rover za zamani.

Leo kazi hiyo inafanywa na stata, nayo inalishwa na betri. Kazi yenyewe ni nzito. Taa moja kubwa ya mbele huvuta umeme wa ampea 5 hivi. Stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 150. Ni sawasawa na kuwasha taa 30 kwa mara moja! Ndiyo maana betri inaweza kuwasha redio na taa, halafu ikashindwa kuzungusha injini.

Na kwa nini baridi huleta matatizo? Kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya betri umeme hutokana na tindikali na risasi kufanya kazi pamoja. Kukiwa na baridi kazi hiyo inapungua nguvu. Pili, oili ya injini huwa nzito kama uji uliopoa, na injini inakuwa ngumu kuzunguka. Basi mbebaji amedhoofika, na mzigo umeongezeka.

KABLA YA KUSHIKA KITU CHOCHOTE

1. Vuta hendibreki. Weka gia huru. Weka jiwe nyuma na mbele ya gurudumu.
2. Zima sigara. Usimulike betri wala tanki kwa kibatari au kiberiti. Betri hutoa hewa inayoweza kulipuka. Tumia tochi.
3. Maji ya betri ni tindikali. Yakikumwagikia, osha mara moja kwa maji mengi. Yakiingia jichoni, osha jicho kwa muda mrefu, kisha nenda hospitali.
4. Ukiwa ndani ya kreta au porini Ngorongoro, usishuke ovyo kwenye gari. Simba na nyati hawajui kwamba una shida. Kaa ndani, piga simu au ngoja gari jingine lipite.

SASA ULIZA MASWALI MATATU

Uliza kwa mpangilio huu. Usiruke swali.

SWALI LA KWANZA: JE, INJINI INAZUNGUSHWA?

Washa taa za mbele. Mtu mmoja asimame mbele aziangalie. Dereva apige stata. Sikiliza, na tazama taa.

Kimya kabisa, na taa haziwaki. Umeme hautoki kwenye betri. Betri imeisha, au waya umechomoka, au fyuzi kubwa imekatika.

Sauti ya "tak-tak-tak-tak" ya haraka, na taa zinafifia. Umeme upo, lakini ni kidogo. Betri ni dhaifu, au vichwa vyake ni vichafu, au vimelegea.

Injini inazunguka polepole kama mtu mchovu anayepanda mlima. Hii nayo ni dalili ya betri dhaifu, hasa wakati wa baridi.

Sauti moja tu, "tak!", halafu kimya, na taa bado zinang'aa. Hapo betri huenda ni nzima. Tazama waya mnene unaofunga injini kwenye bodi ya gari. Ukiwa umelegea au umeoza, stata haipati umeme wa kutosha. Kama waya ni mzima, mwite fundi aipime stata yenyewe.

Kimya, lakini taa zinang'aa vizuri. Kama gari ni la gia za kujiendesha zenyewe, hakikisha gia iko kwenye P au N. Magari mengine ya gia za mkono hayapigi stata mpaka ukanyage klachi. Kama hayo yote ni sawa, fundi atazame swichi, fyuzi na nyaya za stata.

Injini inazunguka vizuri kwa nguvu, lakini haiwaki. Basi acha betri. Acha stata. Hao hawana kosa. Nenda swali la pili.

Umeona faida yake? Kwa kusikiliza tu tumejua upande ambao ugonjwa upo.

Jinsi ya kusafisha vichwa vya betri

Zima gari. Fungua kwanza waya wa hasi, yaani wenye alama ya kutoa (–). Halafu fungua wa chanya, wenye alama ya kujumlisha (+). Ukianza na chanya, spana yako ikigusa bodi ya gari italeta cheche kubwa. Ule unga mweupe au wa kijani unaouona ndio adui. Unazuia umeme kupita.

Chukua maji ya moto, tia magadi kidogo, yale yale ya jikoni. Mwagia juu ya vichwa. Utaona mapovu, maana magadi yanaua tindikali. Angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri, yataiharibu. Futa kwa kitambaa, kisha sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Rudisha waya wa chanya kwanza, wa hasi mwisho. Kaza vizuri. Paka grisi kidogo kwa juu. Kisha piga stata tena.

MFANO

Tuseme kikundi cha akina mama wanaouza vitunguu kina pikapu yao. Asubuhi moja imegoma. Fundi kijana ameitwa.

Fundi: Shikamoo mama mwenyekiti.
Mwenyekiti: Marahaba mwanangu. Unaionaje hiyo gari yetu?
Fundi: Mama, betri hii imekwisha. Inatakiwa mpya.
Mwenyekiti: Umejuaje kwamba imekwisha?
Fundi: Si unaisikia? Tak-tak-tak.
Mwenyekiti: Tumeisikia. Lakini sauti hiyo huletwa na betri dhaifu au vichwa vichafu. Umeshavisafisha?
Fundi: Bado, mama.
Mwenyekiti: Haya, tuanze hapo. Magadi haya hapa. Ikishindikana, tuipime. Kama ni betri kweli, tutanunua bila maneno.

Mama huyu hakumtukana fundi, wala hakujifanya anajua kuliko yeye. Aliuliza tu, "Umejuaje?" Fundi mzuri hachukii swali hilo.

Fundi mwenye mita anaweza kupima betri mbele yako. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu hivi. Ikiwa chini ya 12 inahitaji kuchajiwa. Injini ikiwaka, katika magari mengi mita husoma kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, altaneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Hapo hata ukinunua betri mpya itaisha vile vile.

SWALI LA PILI: JE, MAFUTA NA HEWA VINAFIKA?

Usicheke tukisema: tazama kwanza kama mafuta yapo. Geji inaweza kudanganya. Na gari likilala kwenye mteremko na mafuta ni machache, mafuta yanaweza kukimbilia upande mmoja wa tanki yasivutwe.

Kama gari ni la dizeli, tazama moshi wakati wa kupiga stata. Hiki ni kipimo kizuri, na hakina gharama.

- Hakuna moshi hata kidogo: mara nyingi dizeli haifiki kwenye injini.
- Moshi mweupe unatoka lakini gari haliwaki: dizeli inafika, ila haipati joto la kutosha. Nenda swali la tatu.

Dizeli isipofika, huenda upepo umeingia kwenye mpira wa mafuta. Jambo hili hutokea gari likiishiwa mafuta au chujio likibadilishwa. Magari mengi ya dizeli yana pampu ndogo ya mkono juu ya chujio. Ibonyeze mara nyingi mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, dizeli haipo au kuna mahali panapovuta upepo.

Adui mwingine ni maji. Yanaingia kwenye mafuta yaliyokaa kwenye madumu na mapipa. Chini ya chujio la dizeli mara nyingi kuna kizibo. Kilegeze, kinga mafuta kidogo kwenye chupa safi ya kioo, subiri. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakaa chini. Utayaona kwa macho yako.

Mafuta yaliyochanganywa nayo yameua injini nyingi. Zamani mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo sana, na wafanyabiashara wengine waliyatia kwenye dizeli. Mwaka 2011 Serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha tabia hiyo. Hata hivyo nunua kwenye kituo unachokijua, na udai risiti.

ONYO: Katika magari mapya ya dizeli, usifungue kabisa mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli. Dizeli iliyomo ina msukumo mkubwa mno. Inaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Kazi hiyo mwachie fundi.

Kama gari ni la petroli na si la zamani sana, fungua ufunguo bila kupiga stata. Mtu mmoja asikilize karibu na tanki. Katika magari mengi pampu hunguruma kidogo, kama sekunde 2, kisha hunyamaza. Ikiwa kimya, tazama fyuzi yake kwanza.

Tusisahau hewa. Kutoka Arusha hadi geti la Lodoare kuna lami. Barabara za kwenda vijijini, na za ndani ya Hifadhi, zina vumbi jingi wakati wa kiangazi. Vumbi huziba chujio la hewa. Injini iliyoziba pua huwaka kwa shida na hutoa moshi mweusi. Toa chujio ulikung'ute taratibu. Likiwa jeusi na limejaa, badilisha. Usiendeshe gari bila chujio, kwani vumbi hilo hula injini kama msasa.

SWALI LA TATU: JE, MOTO UPO?

Hapa petroli na dizeli zinatofautiana.

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Katika gari la zamani, ukungu ukilowanisha nyaya za plagi, cheche hupotea. Zifute zikauke. Ukifungua plagi ukaikuta imelowa petroli, basi mafuta yanafika, ila hayaunguzwi. Ikauke, isafishwe, irudishwe. Usishike waya wa plagi wakati stata inapigwa, umeme wake ni mkali sana.

Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa mpaka inakuwa na moto wa kuchoma dizeli yenyewe. Lakini asubuhi ya baridi, chuma chote ni baridi, nacho hunyonya joto hilo. Kwa hiyo dizeli nyingi zina plagi za joto. Ukifungua ufunguo, taa ndogo yenye picha ya waya uliosokotwa huwaka. Subiri izime ndipo upige stata. Madereva wengi hawasubiri! Wanapiga stata papo hapo, wanamaliza betri, halafu wanalaumu gari. Kama unasubiri na bado moshi mweupe unatoka bila kuwaka, fundi apime plagi hizo moja moja.

Magari mengi ya siku hizi pia yana ufunguo wenye alama ya siri ndani yake. Gari lisipoutambua ufunguo huo halitawaka, hata kila kitu kikiwa kizima. Ukiona taa yenye picha ya ufunguo au kufuli inamweka mfululizo, jaribu ufunguo wa akiba.

KUAZIMA MOTO NA KUSUKUMA

Betri ikiwa imeisha, unaweza kuazima moto kwa gari jingine. Mafundi husema kubusti. Kwanza hakikisha betri zinalingana. Lori la volti 24 lisiazime gari la volti 12, litaunguza vifaa. Fuata hatua hizi:

1. Waya mwekundu: chanya ya betri iliyoisha.
2. Mwisho wake wa pili: chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi: hasi ya betri nzima.
4. Mwisho wake wa pili: kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri.

Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha piga stata. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma, kuanzia hatua ya 4.

Kusukuma kunasaidia gari la gia za mkono tu, na pale tu ugonjwa uko kwenye betri au stata. Gari la gia za kujiendesha, kama Noah nyingi, haliwaki kwa kusukumwa. Gari lisilo na mafuta pia haliwaki, hata mkilisukuma hadi Mto wa Mbu.

Fungua ufunguo, weka gia ya pili, kanyaga klachi. Likishika mwendo, achia klachi haraka, likiwaka kanyaga tena. Msisukume kwenye mteremko mkali wenye kona. Injini ikiwa imezimwa, breki huwa ngumu na usukani huwa mzito. Wapo waliopoteza maisha namna hiyo.

Na kumbuka: usipige stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Pumzisha nusu dakika au zaidi. Ukipiga bila kupumzika unaunguza stata, na sasa una magonjwa mawili badala ya moja.

Kama kuna mgonjwa anasubiri, mtu mmoja aanze kutafuta gari jingine wakati nyinyi mnachunguza hili. Mgonjwa asingoje mpaka mshindwe.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Gari la kijiji au la kikundi lijaribiwe jioni, si alfajiri wakati mgonjwa ameshafika. Lilaze mahali pasipo mteremko na penye kinga ya upepo. Usichaji simu za jirani wote wala kupiga redio usiku kucha injini ikiwa imezimwa. Kama betri ni ya kuongezwa maji, ongeza maji safi ya betri yanayouzwa dukani. Usiongeze ya mtoni wala ya bombani.

Halafu tumia kalamu yako. Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, dalili iliyoonekana, kilichofanywa, kipuri kilichonunuliwa na bei yake. Bandika risiti humo. Fundi akisema, "Betri hii ni ya zamani," fungua daftari umwonyeshe siku iliyonunuliwa. Daftari halisahau, na halitishwi na maneno ya mtu. Hii ni moja ya faida za kujua kusoma na kuandika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari linapiga "tak-tak-tak" na taa zinafifia. Je, mtanunua stata? Kwa nini?
2. Injini inazunguka kwa nguvu, lakini hakuna moshi wowote. Mtaanza kutazama wapi?
3. Kwa nini waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho?
4. Katika kijiji chenu, mgonjwa akizidiwa usiku na gari likagoma, nani ataitwa? Andikeni majina na namba za simu za madereva watatu, mbandike ukutani leo.